Bonde la Ufa Ndani ya Sanduku la Mchanga

Kama ulisoma Jiografia sekondari hapa Kenya, ulichora Bonde la Ufa angalau mara mbili. Kwenye mchoro wa kwanza mishale ilivuta: ganda la dunia linavutwa pande mbili, linapasuka, kipande cha katikati kinazama. Kwenye mchoro wa pili mishale iligeuka: ganda linasukumwa kutoka pande zote mbili, kuta zinapanda na kukikandamiza kipande cha katikati chini. Ukaweka kichwa cha mchoro, ukaandika maelezo, ukapata alama zako. Mtahini akitaka mvuto, unampa mvuto. Akitaka msukumo, unampa msukumo. Nadharia mbili, kurasa mbili zinazofuatana, uzito sawa.

Lakini uzito wake si sawa, na haujakuwa sawa kwa miongo mingi. Ile michoro miwili ni mabaki ya ugomvi. Kuna watu walizunguka hapa kwetu na nyundo na daftari wakibishana kuuhusu, mmoja wao akiwa na zaidi ya miaka 70. Ugomvi huo ulikuwa na faida na hasara yake pia, maana jibu lake ndilo linaloamua mtambo wa kuchimba mafuta usimame wapi kule Turkana. Na kati ya vitu vilivyosaidia kuwaamua wagomvi, kimoja ni cha kushangaza kwa urahisi wake: sanduku lenye upande wa kioo, mchanga ndani yake, na mkono wa kusukuma.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitafute shahada nyuma ya jina langu. Nilianza kufuatilia stori hii kwa sababu ilinikera kwamba tulikariri majibu mawili yanayopingana na hakuna aliyetuambia kwamba unaweza kuyapima mezani.

Nguo, mlango na nyundo

Tuanzie Uskoti. Mwaka 1788 wanaume watatu walipita kwa mashua kando ya majabali ya Siccar Point, mashariki mwa nchi hiyo. Mkubwa wao alikuwa James Hutton, ambaye wanajiolojia wengi humwita baba wa taaluma yao. Wa pili alikuwa John Playfair. Wa tatu, kijana wao, alikuwa Sir James Hall, mwenye mashamba ya Dunglass karibu na hapo. Kwenye pwani hiyo matabaka ya mawe hayalali bapa kama chapati zilizopangwa kwa sahani. Mengine yamesimama wima, na ukiendelea mbele kidogo utayakuta yamejikunja juu, chini, juu tena, kama pazia lililosukumwa upande mmoja.

Hall alitaka kujaribu mambo haya kwa mikono. Hutton hakupenda. Aliona ni kukosa heshima kudhani kwamba unaweza kuelewa kazi za dunia nzima kwa kuchungulia ndani ya chungu kidogo jikoni. Hall alimheshimu mzee, akanyamaza. Hutton alifariki 1797, na baada ya hapo ndipo Hall alipoanza kuwasha tanuri zake na kuyeyusha mawe.

Jaribio lake la mikunjo alilisoma mbele ya Royal Society of Edinburgh mwaka 1812. Vifaa vyake vilikuwa vya nyumbani. Alitandika vipande vya nguo, vingine vya kitani, vingine vya sufu, kimoja juu ya kingine juu ya meza kubwa. Kila kipande kikawa tabaka moja la mawe. Juu yake akalaza mlango uliokuwa umetoka kwenye bawaba, akaupakia vitu vizito. Kisha akaweka mbao mbili wima kwenye ncha mbili za lundo lile na kuzigonga kwa nyundo ya mti ili zisogeleane. Mlango ukainuka polepole. Nguo chini yake zikajikunja juu, chini, juu tena, vilevile kama kule pwani.

Kabla ya siku hiyo ungeweza kusema mawe yalijikunja kwa sababu yoyote ile. Baada yake, mtu aliyetaka kupinga msukumo wa pembeni alilazimika kueleza ni vipi nguo za Hall zilifika palepale bila kujua chochote kuhusu jiolojia.

Kutoka nguo hadi nta

Miaka 75 baadaye, Mskoti mwingine, Henry Cadell wa idara ya upimaji wa jiolojia, alikuwa na tatizo gumu zaidi. Kwenye nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa Uskoti, mawe ya zamani yamelala juu ya mawe ya baadaye. Ni kama kwenda nyumbani ukakuta msingi uko juu ya paa. Wakubwa wa jiolojia walikuwa wamegombana kwa miaka kuhusu jambo hilo. Mwaka 1887 Cadell alitengeneza sanduku, akalijaza matabaka ya mchanga, udongo na plasta, akasukuma upande mmoja. Matabaka yalikatika na kupandana, kipande juu ya kipande, kama vigae vya paa. Ya chini yalifika juu ya yaliyokuwa juu. Mchanga ulithibitisha kwamba kitu kilichoonekana kama upuuzi kinaweza kutokea bila muujiza wowote.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, mikunjo ilikuwa imepata bei. Mwaka 1885 mwanajiolojia wa Marekani, I. C. White, alichapisha hoja kwamba gesi hukusanyika kwenye migongo ya mikunjo. Sababu yake inaeleweka hata ukiwa jikoni: gesi na mafuta ni vyepesi kuliko maji, kwa hivyo ndani ya mawe yenye vitundu na maji hupanda hadi yakutane na tabaka lisilopitisha kitu. Kama tabaka hilo limepinda kama sufuria iliyofunikwa, yananaswa. Kuanzia hapo, anayejua umbo la mawe chini ya ardhi anajua pa kutafuta pesa.

Ndipo anaingia Bailey Willis, wa idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani. Alitaka kuelewa milima ya Appalachia. Alichanganya nta na plasta ili aifanye ngumu, na tapentaini ili aifanye laini, akatengeneza matabaka ya ugumu tofauti. Juu yake akamwaga chembe nyingi za madini ya risasi, ili zikandamize kama maelfu ya mita za mawe zinavyokandamiza. Halafu akasukuma kwa parafujo. Kazi hiyo ilichapishwa 1893, na picha zake bado ni nzuri: mikunjo ya nta, safi kama imekatwa kwa wembe. Alionyesha kwamba tabaka gumu ndilo linaloamua. Lenyewe hubeba msukumo na kuchagua pa kupinda, na malaini hufuata.

Mkumbuke huyu Willis. Anakuja kwetu.

Mzee wa nta afika Afrika Mashariki

Mtu aliyelipa Bonde la Ufa jina lake kwenye vitabu ni John Walter Gregory. Mwaka 1893 alifika Ziwa Baringo kwa miguu, na 1896 akachapisha kitabu, *The Great Rift Valley*. Maoni yake: ukanda wa ardhi ulizama katikati ya mipasuko inayoenda sambamba. Ndio ule mchoro wako wa kwanza.

Kisha wakaja wapinzani. Huko Uganda, E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, alitembea kando ya Ziwa Albert akarekodi mahali mafuta yanapovuja yenyewe kutoka ardhini. Ripoti yake kuhusu petroli ya Uganda ilitoka 1925. Aliona kuta za bonde hilo akasema hapana, huu ni msukumo. Na Willis, ambaye 1928 alikuwa ameshaandika kwamba hata Bahari ya Chumvi huenda imebanwa na kuta zilizosukumwa juu yake, alifunga safari 1929 kuja kujionea Afrika Mashariki. Alikuwa na miaka 72. Kitabu chake kikubwa kuhusu nyanda na mabonde yetu kilitoka 1936, na ndani yake msukumo ulikuwa bado na nafasi kubwa. Mtu aliyejenga jina lake kwa kusukuma nta alisimama kwenye ukingo wa bonde na akaona kitu kilichosukumwa.

Mwaka huohuo wa 1936 Edward Bullard wa Cambridge alichapisha vipimo vya mvutano wa dunia kutoka Afrika Mashariki. Juu ya mabonde mvutano ulikuwa pungufu, kana kwamba kuna kitu chepesi kimeshikiliwa chini kwa nguvu. Maelezo yake? Msukumo. Kitu chepesi kingetaka kuinuka. Kama hakiinuki, basi lazima kuta zinakibana.

Hapa ndipo mchoro wako wa pili ulipotoka. Haukuwa ujinga. Ulikuwa na watu wazito nyuma yake, pamoja na vipimo. Kosa si kuufundisha. Kosa ni kuufundisha bila kusema ulishindwaje.

Sanduku la Hubbert

Marion King Hubbert alizaliwa Texas 1903. Watu wengi wanamjua kwa utabiri wake wa 1956 kuhusu kilele cha uzalishaji wa mafuta Marekani. Mimi namjua kwa mchanga.

Mwaka 1937 alichapisha hesabu iliyokuwa imewapiga chenga wote waliomtangulia. Ukipunguza ukubwa wa milima, ni lazima upunguze pia ugumu wa mawe. Tuseme kwenye modeli yako sentimita 1 inasimama badala ya kilomita 1. Umepunguza urefu mara 100,000. Uzito unaokandamiza chini ya modeli umepungua karibu kiasi hicho. Kwa hivyo kitu unachotumia nacho kiwe dhaifu karibu mara 100,000 kuliko jiwe. Ukitumia jiwe halisi umekosea kabisa. Litakaa tu pale likikuangalia.

Mwaka 1945 alilieleza kwa mfano mzuri: chukua jimbo zima la Texas kama jiwe moja, uliinue kwa winchi. Litashikana? Hesabu inasema hapana, litavunjika kwa uzito wake lenyewe. Likipunguzwa hadi litoshe mezani, jimbo hilo lingekuwa laini kama tope. Hapo unaelewa kwa nini milima inaweza kujikunja, na kwa nini mchanga mkavu, ambao hata kusimama wima hauwezi, ni mwakilishi mzuri wa mawe ya juu ya dunia. Uwiano umekubali.

Mwaka 1951, akiwa anafanya kazi Shell, alichapisha jaribio ambalo linahusu bonde letu moja kwa moja. Sanduku lenye upande wa kioo. Mchanga, na kati ya matabaka yake mistari myembamba ya unga wa plasta ili uone kinachosogea. Katikati, ubao uliosimama wima unaoweza kusukumwa. Ukiusogeza ubao kulia, mchanga wa kulia unasukumwa, na mchanga wa kushoto unaachiwa nafasi, yaani ni kama umevutwa. Mishale yote miwili ya mtihani, ndani ya sanduku moja, kwa mkono mmoja, kwa wakati mmoja.

Nimelijaribu. Nilitumia kontena la plastiki angavu, aina ile wenye vibanda huwekea mandazi, mchanga wa mjengo niliokausha juani na kuuchekecha kwa chungio la chai, na unga wa ngano kwa mistari myeupe. Ubao wangu ulikuwa jalada gumu la daftari. Unasukuma taratibu sana. Upande wa nyuma unajibu haraka: kabla hujafika sentimita, ufa mkali umejitokeza na kabari ya mchanga inateleza chini. Upande wa mbele ni mkaidi. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu uso unavimba kidogo, na mstari mlalo unatoka kwenye mguu wa ubao ukipanda polepole hadi juu, mbali kuliko ulivyotarajia.

Siri iko kwenye pembe. Kwenye mchanga mkavu, mpasuko wa mvuto huwa mkali, karibu nyuzi 60 kutoka ulalo. Mpasuko wa msukumo hulala, karibu nyuzi 30. Pembe zangu hazikuwa safi hivyo, lakini hata mtoto hangezichanganya. Na uelekeo nao ni tofauti: kwenye mvuto, kipande kilicho juu ya mpasuko hushuka, kwenye msukumo, hupanda.

Basi nadharia mbili zilizokaa sawa kwenye karatasi hazikai sawa kwenye mchanga. Kila moja inatoa ahadi inayoweza kukaguliwa. Kama bonde letu lilibanwa, basi ukishuka chini kwenye kuta zake ni lazima ukute mipasuko imelala kuelekea nje, chini ya nyanda za juu, na mawe ya zamani yamepandishwa juu ya mashapo ya bondeni. Kama lilivutwa, mipasuko itainama kuelekea ndani ya bonde, mikali.

Ukuta mmoja

Mchanga haukuweza kusema lipi ni kweli. Ulisema tu uangalie wapi. Kuangalia kwenyewe kulihitaji kuona chini ya ardhi, na hilo lilifanywa na uchunguzi wa mitetemo: unatuma mtikisiko, unasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka. Katika miaka ya 1980 mradi wa PROBE wa Duke University ulipeleka vifaa hivyo kwenye maziwa, Tanganyika, Malawi na Turkana. Picha zilizorudi zilionyesha mipasuko ya mvuto. Ule upungufu wa Bullard ukaelezeka bila kubana chochote: bonde limejaa mashapo mepesi, na kina cha chini kina miamba yenye joto. Leo satelaiti hupima pande mbili za bonde zikiachana, milimita chache kwa mwaka.

Lakini picha hizo zilikuwa na habari nyingine, na hii hata mchoro wa kwanza haukuwa nayo. Sisi tulichora kuta mbili zilizolingana. Chini ya maziwa, mara nyingi kuna ukuta mmoja tu mkubwa. Upande wa pili ardhi imeinama tu, kama mlango wa shimo ulioshikwa na bawaba upande mmoja. Ukisonga mbele kufuata bonde, ukuta mkubwa unahama: hapa uko magharibi, kule uko mashariki.

Miaka hiyohiyo, Ken McClay wa London na wenzake walikuwa wanatengeneza mipasuko ya aina hiyo kwenye mchanga. Waliweka chini ya mchanga ukuta uliopinda, mkali juu na unaolala kadiri unavyoshuka, kisha wakavuta. Mchanga haukushuka tu. Uliinama kuelekea ukuta, na hapo jirani ukajikunja mgongo mpana ambao kileleni ulikatika kwa nyufa ndogondogo. Mgongo! Sufuria iliyofunikwa ya White, ila safari hii imetengenezwa na mvuto, hakuna aliyesukuma.

Kulikuwa na tatizo moja la kioo, nami nililiona kwenye kontena langu. Mchanga unakwama kwenye kuta za sanduku. Kwa hivyo unachokiona kwa nje ndicho kisichoaminika zaidi. Ukweli uko katikati. Mafundi wa maabara hulowesha mchanga ukimaliza kusogea, wakaukata vipande kama keki. Wafaransa wa Institut Français du Pétrole walienda mbali zaidi: mwaka 1991 walichapisha picha za masanduku ya mchanga yaliyopitishwa kwenye skana ya eksirei ya hospitali, ile inayopiga mgonjwa vipandevipande. Mpasuko ukaonekana unavyokua, bila kisu.

Sasa twende Lokichar, kusini mwa Turkana. Bonde lake ni la ukuta mmoja, na ukuta uko magharibi. Shell walichimba kisima cha Loperot-1 huko mwaka 1992, wakakuta dalili za mafuta, wakaondoka. Miaka 20 baadaye, tarehe 26 Machi 2012, Rais Kibaki alitangaza kwamba Tullow wamepata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1. Ngamia-1 kilichimbwa kando ya ule mpasuko mkuu wa magharibi, mahali matabaka yameinuka na kuegemea ukuta. Vilivyofuata, Twiga, Ekales, Amosing, vilipangwa kufuata ukuta uleule kama shanga kwenye uzi.

Sitasema mchanga ndio uliopata mafuta ya Lokichar. Mitetemo na kisima ndivyo vilivyoyapata. Lakini mwangwi wa chini ya ardhi huja ukiwa na ukungu, na karibu kabisa na ukuta mkubwa ndipo ukungu huzidi. Mtu anayesoma picha hiyo lazima awe na umbo kichwani la kulinganisha. Sasa fikiria ameshika mchoro wa msukumo. Anatarajia nyanda za juu zimepanda juu ya bonde na kulifunika. Anaweka mtambo mahali tofauti kabisa, na kisima kimoja kirefu hula mamilioni ya dola kiwe na kitu au kiwe kikavu. Na umbo pekee halitoshi: Engomo-1, kaskazini zaidi, mwaka 2015, hakikupata kiasi cha maana. Mchanga hukuonyesha mtego. Haukwambii kama kuna aliyenaswa.

Shira ya mahindi

Kabla hujaamini sanduku kama unavyoamini mtabiri, nikupe upande wake mwingine, kutoka Texas.

Tarehe 10 Januari 1901, pale Spindletop karibu na Beaumont, mafuta yaliruka juu ya mtambo na biashara ya mafuta ikabadilika. Kilima hicho kilikaa juu ya kuba la chumvi: nguzo kubwa ya chumvi iliyopanda kutoka chini sana, ikainua mawe yaliyo juu na kutengeneza mitego pembeni mwake. Swali likawa, chumvi hupandaje? Mwaka 1934 L. L. Nettleton alijibu kwa vimiminika viwili. Chini aliweka mafuta, mepesi. Juu shira ya mahindi, nzito. Mafuta yakavimba, yakatengeneza shingo, yakapanda kama uyoga. Maridadi sana. Chumvi ni nyepesi kuliko mawe yaliyoshindiliwa, kwa hivyo chumvi inaelea. Wanajiolojia waliishi na jibu hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1992 Bruno Vendeville na Martin Jackson, wa maabara moja huko Austin iliyofadhiliwa na kampuni za mafuta, walibadilisha kitu kimoja. Chumvi wakaifanya silikoni, ile inayotiririka polepole kama asali nzito. Lakini mawe ya juu hawakuyafanya shira. Waliyafanya mchanga. Na silikoni ikakaa kimya. Mchanga, tofauti na shira, una nguvu kidogo ya kujishikilia, na nguvu hiyo kidogo ilitosha kuifunga. Walipouvuta mchanga pembeni, ukakonda, ukakatika, na silikoni ikapanda kujaza nafasi. Wakiendelea kuvuta hadi silikoni ya chini ipungue, nguzo ileile ikaanza kushuka.

Yaani mshale wa mvuto ulikuwa pale miaka yote, na modeli ya zamani haikuweza kuuonyesha kwa sababu shira haikatiki. Nettleton hakudanganya. Aliuliza swali kwa vimiminika, akajibiwa kwa vimiminika. Hakuna kitu kwenye sanduku ambacho hakikuwekwa na mtu, na kila ulichoweka ni imani yako kuhusu dunia, hata kama hukuisema kwa mdomo. Uzuri wake ni kwamba imani hiyo sasa iko mezani. Vendeville na Jackson waliweza kuinyoshea kidole: ni hii shira hapa. Jaribu kuunyoshea kidole mshale wa kalamu ya risasi.

Turkana mezani

Mwaka 2017 Sascha Brune, Giacomo Corti na Giorgio Ranalli walichapisha utafiti kuhusu swali la kwetu kabisa: bonde la Kenya linalotoka kusini na lile la Ethiopia linalotoka kaskazini yanaungana vipi pale Turkana? Corti yuko Florence, Italia, ambako wamefanya modeli za bonde hili kwa miaka. Walitumia kompyuta na modeli za maabara pamoja. Ganda la Turkana lilikuwa limeshavutwa na kukondeshwa zamani, enzi za dinosaria, na bonde jingine la zamani linaloitwa Anza. Walipouweka udhaifu huo wa zamani kwenye modeli, mabonde mawili yaliungana kwa namna inayofanana na tunayoiona leo.

Sina wivu na Florence. Wafanye hata mia. Ila Turkana imevutwa juu ya meza ya Italia, na mtoto wa Lodwar anayekaa juu ya ganda lenyewe anachora mishale miwili na kupewa alama kwa yote miwili. Yeye ndiye atakayeitwa kwenye mkutano wa hadhara, aambiwe kisima kitachimbwa hapa na si pale, na mtu mwenye ramani iliyojaa mistari. Angefaa ajue kwamba kila mstari kwenye ramani ile una pembe, kwamba pembe ni dai, na kwamba dai huulizwa: umejuaje kwamba ukuta huu unainama kuelekea kwetu?

Nusu pakiti ya unga wa ngano, debe la mchanga mkavu, kontena moja angavu. Sukuma taratibu, hesabu hadi 20 kwa kila sentimita, na usitazame pembeni kwenye plastiki. Lowesha, kata katikati, tazama hapo.